Ukelele wa Kanga

Usiku wa manane mlango wa banda la kuku ulikwaruzwa, kwaru, kwaru, na Kanga akajua papo hapo kuwa ni Kicheche, maana Kicheche huyo ndiye aliyewamaliza ndugu zake kule porini alikotoka. Akawafunika vifaranga wake kwa mbawa. Apige ukelele? Lakini juzi tu ameapishwa kuwa raia wa banda! Jogoo, mkubwa wa banda, alimsimamisha mbele ya wote akamwambia, "Hapa hatuchanganyi. Ukilia Kikanga hata mara moja, unarudi porini, wewe na wanao." Naye akaapa kwamba kilio cha kwao amekiacha.

Basi akajaribu Kikuku, ko, ko, ko, kama alivyofundishwa, na kuku wakageukia upande wa pili wakaendelea kulala.

Kicheche akaingiza kichwa.

"Kekekekekeke!" Kanga akapasuka, Kikanga kitupu, na banda zima likaamka, mbwa akabweka, Kicheche akatimua mbio.

Kulipotulia, Jogoo akamjia. Kanga alikuwa ameshawakusanya watoto, akingoja kufukuzwa tu.

"Nisamehe, baba, niliona wanangu wanaliwa, sikujua nifanyeje..."

"Sauti ile," Jogoo akanong'ona, "nifundishe."

"Ya Kikanga, baba?"

"Kikanga gani? Ile ni sauti ya mababu zetu sisi kuku. Kesho nawatangazia hivyo, na wewe umejifunzia hapahapa. Umenielewa, raia?"

Kanga akawatazama wanawe, wote wazima.

"Nimeelewa, baba. Simwambii mtu."