Tangi Chini ya Ua wa Bi Ruzuna

Katika mji mzima hakuna aliyemshinda Bi Ruzuna kupiga gitaa la roki. Basi tuseme ukweli: hakuna mwingine aliyepiga, maana sheria iliruhusu kunong'ona tu, na kila ukuta ulikuwa na kipimo cha sauti.

Miaka sita watu walishuka kwenye tangi kavu la maji chini ya ua wake. Walianza watatu, wakafika mia, wakicheza mpaka chokaa inabanduka. Vipimo vya ukutani huko juu havikunasa kitu.

Asubuhi moja akaja mkaguzi wa sauti. Akiliona tangi, atalijaza zege.

"Shikamoo, bibi. Kuna muziki hapa?"

Bi Ruzuna alimtazama midomo. "Muziki, mwanangu? Na uzee huu? Mimi nasikia kuku wa jirani tu."

Mkaguzi akatabasamu, akapita nyuma yake, akanong'ona kama watu wote walivyonong'ona siku hizo: "Bibi, una nge begani."

Bi Ruzuna akaendelea kukoroga chai, hana habari.

"Mbona kimya, mwanangu?"

Alipogeuka, mkaguzi, aliyejua kwamba minong'ono haiui masikio, alikuwa anagonga sakafu ya ua kwa kisigino, akitafuta palipo na uwazi chini.