Kiwango cha Hadithi

Mama Ndunge alifungua kufuli lililokuwa nje ya mlango. Ndani, mtoto alikuwa ameketi sakafuni.

“Nilitoka tu mara moja,” alimwambia mgeni aliyemfuata. “Hapa Kaloleni wezi ni wengi.”

Mgeni huyo, Laban, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kupima usomaji wa watoto: herufi, silabi, maneno, aya, na mwisho hadithi. Alimpa mama fomu ya idhini. Mama akaigeuza mara mbili, kisha akatia dole gumba.

“Huyu ni Nzilani, wa marehemu dada yangu kule Mutomo. Kichwa chake kizito. Utachoka bure, mwalimu.”

“Akifika kiwango cha hadithi, kuna nafasi shuleni Jumatatu.”

“Shule! Na hivi vyombo vitajiosha?” Alicheka peke yake.

Nzilani, wa miaka kumi, alifuta mikono kwenye gauni na kupokea kadi. Kazi ile ilikuwa na sheria moja: mtoto akianza kusoma, mpimaji hamkatizi.

Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

“Palikuwa na mbuzi mdogo. Alitolewa kwao akaambiwa mjini kuna majani mengi. Alipofika akatiwa zizini, mlango ukafungwa kwa nje. Kila asubuhi aliwasikia wenzake wakipita kwenda malishoni.”

Kalamu ya Laban ilisimama.

“Mbuzi gani huyo mjinga?” Mama Ndunge alidakia huku akikunja nguo. “Si alie?”

Kidole kikashuka mstari mmoja.

“Mbuzi akilia, siku hiyo hapewi maji.”

“Ala! Siku hizi mnawasomesha watoto mambo ya huzuni hivi?”

“Ndivyo ilivyoandikwa, mama,” Laban alijibu bila kuinua macho. Alinyoosha mkono kuchukua kadi. Nzilani aliishikilia kidogo, kisha akaiachia.

Mama Ndunge alimsindikiza hadi nje. Akafunga kufuli, akatia ufunguo kifuani, akaelekea sokoni.

Laban alitembea bila kugeuka hadi alipopita ukumbi wa mtaa. Ndipo akatoa simu.

“Afisa wa watoto? Njoo Kaloleni, uje na polisi. Hapana, usingoje kesho.”

Kadi ilikuwa bado mkononi mwake. Hadithi iliyochapwa pale ilihusu ndugu wawili waliopanda mchicha. Haikuwa na mbuzi hata mmoja.