Siku Tatu Bila Swali

Mahujaji kumi na wawili waliposhuka kwenye Kosta, mwanamke mwenye filimbi shingoni aliwagawia miundu, kila mtu wake, akawaonyesha jaruba la mpunga uliokwisha kuiva. Kisha akapuliza filimbi.

Mzee Isakwisa alifungua kinywa. Mkewe, Tupokigwe, akamkanyaga mguu. Akakifunga.

Haikuwa kazi ndogo kwake. Katika usharika wao, milimani juu ya jiji la Mbeya, hapakuwa na mtu aliyeuliza kama yeye. Aliuliza katikati ya mahubiri. Aliuliza misibani. Siku moja alimuuliza bwana harusi, mbele ya madhabahu, kama ana hakika. Ndiyo maana kwa miaka tisa alitamani kufundisha darasa la Biblia la watu wazima, na kwa miaka tisa akanyimwa.

Safari hii ndiyo ingeamua. Mchungaji Yotamu alikuwa ameandaa hija ya mafunzo ya siku tatu, upande wa Iringa, somo likiwa kumtumaini Mungu na kumtii. Simu zote zilifungiwa kabatini katika ofisi ya usharika, ya mchungaji ikiwa juu kabisa. Abrahamu, alisema, alifunga safari bila kujua mwisho wake. Basi na wao wasiulize wanapelekwa wapi wala watafanya nini. Hata yeye angemtii yeyote atakayekuja kuwapokea, sawa na mwanafunzi mwingine.

Kisha akamvuta Isakwisa pembeni. "Mzee wangu, ukirudi hujauliza hata swali moja, darasa ni lako."

Asubuhi ile, penye kituo cha mafuta cha Uyole, Kosta ilisimama. Yule mwanamke mwenye filimbi akachungulia dirishani, akataka kujua kama wao ndio wale watu kumi na wawili. Mchungaji akasema amina. Wakapanda wakiimba. Rujewa gari likaacha lami, na jua lilipofika utosini walikuwa Madibira, wamekunja suruali, wamepandisha vitenge.

"Mwaka huu nimeletewa wazee," alisema yule mwanamke, ambaye dereva alimwita Happy. "Haya, babu, inama. Mpunga haukatwi kwa kutazamwa."

Isakwisa alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha karatasi cha Mgololo akiwa na watu ishirini chini yake. Aliinama. Hili, alijiambia, ni fundisho la unyenyekevu, na limepangwa na mtu anayeijua kazi yake.

Akamtazama mchungaji kwa heshima mpya. Yotamu alikuwa jaruba la pili, ameushika mundu kama mtu aliyeombwa amshikie mwenzake nyoka. Kila baada ya muda aliinua uso, akamkodolea Isakwisa macho. Ananipima, mzee akawaza, akazidi kukata.

Jioni walikula ugali kwa kunde. Mchungaji akatoa karatasi zake za somo la Abrahamu, akazitazama, akazikunja tena, akawasimulia habari za Ruthu aliyeokota masuke shambani mwa Boazi. Wavunaji wengine waliolala nao banda moja wakasogea kusikiliza. Isakwisa alikiri moyoni kwamba hajawahi kuona somo na vitendo vikikaa pamoja namna hiyo.

"Mzee Isakwisa," mchungaji akasema alipomaliza, "huna neno? Lolote tu."

"Sina, mchungaji."

"Hata dogo?"

"Nimetosheka."

Tupokigwe alichekea ndani ya kitenge. Akamnong'oneza mumewe kwamba angejua dawa yake ni mundu, angemnunulia mwaka ule ule waliooana.

Siku ya pili waliambiwa wapige mpunga juu ya turubai. Hapo ndipo maswali yalipomchemka Isakwisa kifuani. Shamba ni la nani? Mbona huyu Happy hafungui kazi kwa sala? Na Iringa imepotelea wapi? Alasiri mgongo ulimgomea kabisa, akakaa juu ya kiroba. Happy alipokuja kumtazama, swali la kwanza lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi.

Akaliona darasa. Akaliona benchi la mbele, na yeye mwenyewe ubaoni, chaki mkononi. Akamwomba Mungu nguvu, akainuka bila neno, akashika tita jingine la mpunga.

Mchungaji, ambaye alikuwa amesogea hadi hatua mbili kutoka kwao, alishusha pumzi ndefu na kurudi kwenye turubai lake.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, filimbi ililia mara ya mwisho. Happy akawasifu mbele ya shamba zima. Polepole walikuwa polepole, alisema, lakini hawakugombana, hawakunung'unikia kunde, na nyimbo zao zimewaongezea wengine kasi. Akaagiza kila mmoja apakiliwe madebe mawili ya mpunga, na akasema msimu ujao atawataka hao hao.

Katika Kosta Isakwisa alikaa mbele, pembeni ya mchungaji, mikono imejaa malengelenge na moyo umejaa amani. Gari lilipoikanyaga lami ya Rujewa aliona siku tatu zimetimia.

"Sijauliza, mchungaji."

"Nimeona, mzee wangu."

Yotamu aligeuka kuhakikisha kwamba wale wengine wamesinzia. Kisha akamwinamia sikioni.

"Darasa ni lako. Sasa nakuomba, muulize huyu dereva hawa watu ni akina nani, maana tangu jaruba la kwanza nakungoja wewe."