Printa Yenye Kiherehere

Siku Makame alipozikwa, mtaa ulimletea mjane wake printa, kama ilivyo ada kwa kila nyumba iliyofiwa. Kila alfajiri umeme uliporudi, printa ilichapa barua moja kati ya zile zilizosemekana kuachwa na marehemu kwenye ghala la mtandao.

Miezi mitatu Bi Saumu alisoma na kufarijika. Kisha ikaja barua iliyotaja bati linalovuja jikoni. Bati hilo lilikuwa limeanza kuvuja juzi.

Aliifunika printa kwa kanga, akamwita Rukaiya, binti wa kaka yake, ambaye ni fundi wa mitambo.

"Shangazi, printa yako ina kiherehere," Rukaiya alicheka, akikagua saa za kuwaka. "Inaamka kabla ghala halijafunguliwa. Inapiga hodi, haiitikiwi."

"Tangu lini?"

Kicheko kikakatika. "Tangu siku ya kwanza."

"Basi barua ilizitoa wapi?" Bi Saumu alinong'ona.

"Ikikosa faili hutunga yenyewe, kwa yale inayoyasikia humu ndani."

Bi Saumu alitazama rundo la barua kitandani, kando ya mto wa kulalia. Tangu mazishi, humu ndani alikuwa akizungumza na Makame tu.

"Nikiiamuru isubiri ghala, utapata za Makame mwenyewe."

"Iamuru, mwanangu."

Siku hizi printa husubiri. Ghala hufunguka, jina la Makame huonekana, chini yake hakuna barua hata moja, na karatasi hutoka nyeupe.