Chokaa ya Jumamosi Kuu

Kila Jumamosi Kuu, watu wa mji ule walipaka chokaa makaburi ya wazazi wao ili Pasaka iyakute meupe. Skolastika alikuja na ndoo. Kaka yake Projestus, aliyeacha kanisa tangu ujanani, alikuja na gazeti.

"Wamefukua sanduku la mifupa huko ng'ambo," alisema. "Limechongwa jina la Yesu. Wataalamu wanasema ndiye. Sasa kesho mtaimba nini?"

"Tutaimba kwamba amefufuka," alijibu Skolastika akikoroga chokaa. "Kwani Yesu alikuwa peke yake mwenye jina hilo? Na hao wataalamu wako, mwakani watakuja na jingine."

"Mfupa ni mfupa tu, dada. Mtu akifa, hayupo."

Akatandaza gazeti chini, akaweka ndoo juu yake. Skolastika alichovya brashi, akapanda juu ya kaburi la mama yao ili aufikie msalaba.

"Shuka!" Projestus alifoka. "Unamkanyaga Mama!"

Skolastika alimtazama, akashuka. Projestus alimpokea brashi, akazunguka kwa nje, akaanza kuupaka msalaba taratibu, amempa dada yake mgongo.

Skolastika alisogeza ndoo. Matone ya chokaa yalikuwa yameangukia picha ya lile sanduku. Alihakikisha kaka yake haangalii, akayafuta kwa pindo la kanga, kisha akainama karibu zaidi. Kifuniko cha sanduku pichani kilikuwa kimesogezwa kidogo, na ndani hapakuonekana kitu.