Hongera ya Bi Zawena

Bi Zawena aliingia na kuku mkononi, anacheka. Alikuwa jirani wa Sikudhani kule mtaa wa zamani, kabla mumewe hajamvunja mkono, naye Sikudhani akahamia huku.

"Hongera, mwanangu! Mumeo katoka. Nimekutana naye sokoni, kakonda, masikini. Nimemwelekeza hapa, maana alikuwa hapajui."

Sikudhani aliacha nguo aliyokuwa akiikunja, akawapigia simu polisi.

"Ni kweli, yuko nje kwa dhamana," askari alisema. "Lakini amekatazwa kukusogelea. Na kila Jumatatu anaripoti hapa."

"Jumatatu hii aliripoti?"

"Hakuja. Tunamtafuta."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ukimwona tupigie, dada. Gari likipatikana tutakuja."

Simu ikakatwa. Bi Zawena alikuwa ameshakaa mkekani, anamfungua kuku kamba za miguu.

"Polisi wa nini tena? Anakuja kukuomba radhi. Pika, mle pamoja."

Mlango ulikuwa wazi nusu, kama milango yote ya mtaa ule mchana. Sikudhani aliuendea, akaufunga, akashika komeo. Lilikuwa jipya, bado gumu, likakwama katikati.

Nje mtu akapiga hodi, kwa upole, kama mgeni mwenye adabu.

"Karibu!" Bi Zawena akaitikia, kwa mazoea tu.

Sikudhani aliegemeza bega mlangoni, akalisukuma komeo kwa viganja vyote viwili.