Swali la Pili

Aliposoma swali la pili, karani wa ofisi ya wakili alifunika mdomo kwa kiganja ili asicheke. Msimamizi wa mtihani akamtupia jicho. Karani akainama, akalisoma tena polepole.

Mjane ameishi kwenye nyumba miaka ishirini. Hati ina jina la shemeji yake, naye anaiuza nyumba hiyo kwa siri. Mnunuzi anakuja na hati mkononi, anamwambia mjane afungashe virago. Mshauri mjane.

Alikuwa ameshamshauri. Mjane yule alikuwa mtu wa kweli, mwenye kikohozi na mfuko wa nailoni uliojaa barua, na aliketi mbele ya meza ya karani siku tatu mfululizo. Mahakama ya chini ilikuwa imeitupa kesi yake. Hoja za rufaa aliziandika karani, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho: mnunuzi alipokuja kuikagua nyumba alimkuta mama jikoni, sufuria ikiwa motoni, wala hakumwuliza yeye ni nani pale. Kwa kuwa hakuuliza, hawezi leo kujificha nyuma ya hati.

Wakili, bosi wake, alizisimamia hoja hizo mbele ya majaji watatu kwa ile sauti yake nzito. Mjane akarudi kwake. Watu walimpongeza wakili mpaka barabarani.

Basi karani aliandika yale yale. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ilikuwa mara yake ya tano. Shahada ya sheria aliipata kwa masomo ya jioni, akitoka ofisini vidole vikimuuma kwa kuchapa barua ambazo wakili huziandika kwa mkono. Kilichobaki ni mtihani wa uwakili tu, na kila mara alikosa alama moja, mbili. Safari hii alitoka ukumbini mwepesi. Ofisini alimkuta wakili anafunga mkoba kwenda kwenye semina yake ya wiki mbili, kama kila mwaka.

"Umeonaje, dada?"

"Safari hii nimeupata, bosi."

"Nilijua! Nitakutafutia chumba chenye dirisha."

Matokeo yalitoka baada ya miezi mitatu. Alama za kufaulu ni hamsini. Alipata arobaini na sita.

Wakili alisikitika kweli. Alimwagizia chai, akamvutia kiti mwenyewe.

"Pole sana, dada yangu. Lakini mtihani ni chujio. Tukiuondoa, mbumbumbu watajaa mahakamani, na watakaoumia ni wateja." Kisha akamsogezea jalada. "Hebu niandalie hoja za kesho. Unajua mimi bila wewe sijiwezi."

Karani alizimaliza kabla ya saa kumi. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Nyumbani, binti yake hakutaka kusikia habari za kurudia mtihani mwakani.

"Mama, nenda ukaione karatasi yako. Ni haki yako. Si wewe uliyenisomea hicho kifungu cha kanuni za mtihani?"

"Nikishaiona, itabadilika?"

"Angalau utajua wamekukatia wapi."

Alikwenda. Katika ofisi ya mitihani, mama mmoja mwenye miwani alimletea daftari lake la majibu. Jina la msahihishaji lilikuwa limezibwa kwa karatasi nyeupe. Karani alifungua moja kwa moja swali la pili.

Alama nne kati ya ishirini na tano.

Pembeni, kwa wino mwekundu, maelezo yalishuka kutoka juu hadi chini ya ukurasa, herufi zimelaliana kama nyasi zilizokanyagwa. Karani alilisogeza daftari karibu na macho.

Mama wa ofisi alimhurumia, akainama kumsaidia. "Msahihishaji huyu mwandiko wake balaa, kila mwaka tunahangaika naye. Hapa nadhani ameandika, 'hati ndiyo mwisho wa mjadala.' Hapa, 'mtahiniwa anaongozwa na huruma, si sheria.' Huu mstari wa mwisho umenishinda."

"'Ushauri huu,'" karani alisoma bila kukwama, "'ungempotezea mjane nyumba yake.'"

"Ala! Umewezaje?"

"Mwandiko huu nimeuchapa miaka kumi na minne."